Anayeitwa Hitler Pale Nyawera

Kwenye kituo kimoja cha motari pale Nyawera, mjini Bukavu, yuko kijana ambaye wenzake humwita Hitler. Jina kaliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe kwenye kibati cha nyuma ya pikipiki, na pembeni yake kachora ua. Ni kijana mpole. Mvua ikimkuta njiani na abiria mwenye mtoto, humvulia koti lake la plastiki, yeye akalowa. Nilipomuuliza jina hilo kalitoa wapi, alicheka kama mtu aliyeulizwa habari anayoipenda. "Ile ni blagi tu, papa," alisema. "Banilipatia yo ku masomo. Hitler alikuwaka mukali. Mutu mukali banamuheshimia."

Katika jibu hilo fupi mna mambo mawili, na watu wengi huyachanganya: mzaha, na heshima kwa ukali. Kijana aliyataja kwa pumzi moja, kana kwamba la pili ni mkia tu wa la kwanza. Mimi naona la pili ndilo lenye uzito.

Mama mmoja wa Kadutu alikuja kwangu na simu ya mwanawe, kijana wa sekondari. Ndani yake alikuta picha za Hitler zilizoandikwa maneno ya kuchekesha, vipande vya hotuba zake vilivyowekewa muziki wa dansi, na video ya gwaride la usiku, maelfu ya wanaume wameshika mienge, wanapiga hatua kama mtu mmoja. Aliuliza: hii ni kawaida, ao mutoto wangu anaharibika? Nilimwambia kuwa udadisi ni kawaida, kwamba hata kicheko chaweza kuwa cha afya, lakini kwamba hapa kwetu Kivu kuna mahali ambapo mzaha huu hugeuka sumu, na mzazi anapaswa kupajua. Sura hii ni jibu lile kwa urefu wake.

Nianze na kicheko cha afya, maana kipo. Kuanzia shule za Bukavu hadi za Kampala na Nairobi, mwalimu wa nidhamu anayetembea na fimbo, anayehesabu dakika za wachelewaji mlangoni, hupewa jina hilo la Hitler nyuma ya mgongo wake. Watoto hawamsifu. Wanampunguza. Mtu wanayemwogopa saa moja asubuhi wanamcheka saa sita mchana, na kwa kicheko hicho wanapata pa kupumulia. Ndivyo alivyofanya Charlie Chaplin mwaka 1940, Ujerumani ikiwa bado inashinda vita, alipotoa filamu ya The Great Dictator na kumwonyesha Hitler kama kibwana chenye majivuno. Wajerumani wenyewe walikuwa na vichekesho vyao vya kunong'ona. Vita vikiendelea, mjane wa vita aliyeitwa Marianne Elise Kürchner, mfanyakazi wa kiwanda cha silaha huko Berlin, aliwasimulia wenzake kimoja: Hitler na Göring wako juu ya mnara wa redio, Hitler anasema angependa kufanya jambo la kuwafurahisha watu wa Berlin, na Göring anamjibu, basi ruka. Alishtakiwa kwa maneno hayo, akahukumiwa kifo, akauawa. Mwanamke huyo alimcheka aliyekuwa na nguvu ya kumwua, na alijua kuwa anayo.

Sasa tazama kicheko kingine cha nchi ileile, miaka michache kabla. Mwaka 1934, katika sherehe za kanivali mjini Köln, lilipita gari lililopambwa likiwa limebeba wanaume waliojivika ndevu na mavazi ya Wayahudi wacha Mungu, na maandishi yakisema kuwa hao ndio wa mwisho kuondoka. Watu pembeni mwa barabara walishangilia. Mwaka 1938 kampuni moja ya Dresden ilitoa mchezo wa mezani kwa ajili ya familia: unatupa dadu, unasogeza kijiti chako mjini, unawakusanya Wayahudi kwenye maduka na nyumba zao na kuwatoa nje ya ukuta wa mji. Anayewahi kuwatoa sita ameshinda. Nakala ya mchezo huo imehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya Wiener mjini London, nayo ina rangi za kupendeza. Kulikuwa pia na gazeti la Julius Streicher, Der Stürmer, lililoishi kwa vikaragosi vya pua kubwa na midomo minene kuanzia 1923. Streicher hakuwa na jeshi wala kambi ya mateso. Alikuwa na kalamu na wachoraji. Mahakama ya Nürnberg ilimhukumu kunyongwa mwaka 1946, kwa sababu majaji waliona kuwa miaka ishirini na zaidi ya kuwachochea watu dhidi ya jirani zao ilikuwa sehemu ya mauaji yenyewe.

Kwa hiyo anayesema kuwa mzaha ni mzaha tu amesahau kwamba Wanazi walikuwa wacheshi. Walicheka sana, na walicheka kabla ya kuua. Hitler akitajwa kwenye blagi, mimi husikiliza kwanza anayechekwa ni nani. Akiwa ni mwenye fimbo, sina neno. Akiwa ni yule aliyesimama uchi mbele ya shimo, hapo hapana, hata kama msimuliaji ni mtoto mzuri anayemsaidia mama yake kubeba maji.

*

Mvuto ni jambo jingine. Wengi wa vijana wanaotazama yale magwaride hawacheki. Wanakodoa macho. Bukavu ni mji ambao kwa miaka thelathini umeona majeshi yakiingia na kutoka, na mara nyingi yaliyopaswa kuulinda yalikuwa ya kwanza kukimbia. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka mto Ruzizi kwa malaki, wauaji wakiwa katikati yao. Oktoba 1996 vita vilifika mjini, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekuwa akipaza sauti dunia isikie, aliuawa barabarani tarehe 29 ya mwezi huo. Mwaka 1998 vita vya pili. Juni 2004 askari wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliuteka mji, wakapora na kubaka. Februari 2025 ikaja zamu ya waasi wa M23. Kijana aliyekulia hapa amemwona baba yake akishusha macho mbele ya kila mwenye bunduki. Anapoona kwenye simu maelfu ya watu waliopangwa sawasawa, hakuna anayesukumwa wala kukimbia, anaona kitu ambacho hajawahi kukiona kwao: nguvu yenye mpangilio. Hana haja na Wayahudi, wala hajapata kukutana na hata mmoja. Anataka mtu wa kuogopwa awe upande wake.

Naielewa njaa hiyo na siwezi kumkemea nayo. Ila lazima aambiwe kilichokuwa nyuma ya gwaride.

Kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara kwa vijana waliosoma kidogo, hasa wa vyuo: kwamba Hitler aliwapiga wakoloni wetu. Ni kweli kwamba majeshi yake yaliingia Ubelgiji tarehe 10 Mei 1940, na siku 18 baadaye mfalme alikuwa amesalimu amri. Ni kweli pia kwamba Wabelgiji waliokuwa wakiomboleza uhuru wao Ulaya waliendelea kutumia kiboko huku, na kwamba kuanzia 1942 mwanakijiji wa Kongo aliweza kulazimishwa kazi hadi siku 120 kwa mwaka, akirudishwa porini kugema mpira kama enzi za Leopold, kwa jina la vita dhidi ya udikteta. Desemba 1941 wachimba migodi waliogoma Elisabethville walipigwa risasi. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, aliandika mwaka 1950 kuwa Ulaya ilishindwa kumsamehe Hitler kwa sababu aliwatendea watu weupe yale yaliyokuwa yametengewa Waarabu, Wahindi na Waafrika. Kijana wa Bukavu akisoma hayo hushtuka, na ana haki ya kushtuka.

Lakini tufuate hoja hiyo hadi mwisho wake. Kama Hitler ni ndugu wa Leopold, vipi tumfurahie? Wanazi hawakuja kuvunja ukoloni. Walikuwa na ofisi maalumu ya siasa za makoloni, na mwaka 1940 waliandaa mswada wa sheria wa kuzuia mtu mweupe na mweusi kuoana katika makoloni waliyotarajia kuyatwaa Afrika. Elimu yao ya mbari ilifanyiwa majaribio kwetu kabla ya kufanyiwa kwao: Eugen Fischer, aliyekwenda Namibia mwaka 1908 kuwapima machotara wa Rehoboth muda mfupi baada ya jeshi la Ujerumani kuwaangamiza Waherero na Wanama, ndiye aliyefanywa mkuu wa Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1933. Mwaka 1937 watoto wapatao 400 wa mama Wajerumani na baba askari wa Afrika walifanyiwa upasuaji wa siri wasizae kamwe. Na kupima pua na kugawa watu kwa vitambulisho tulikujua pia kwenye mabonde yetu, ng'ambo ya Ruzizi, Wabelgiji walipowaandikia Wanyarwanda kabila kwenye karatasi katika miaka ya 1930.

Yupo mtu mmoja ambaye kila msemaji wa Kiswahili angepaswa kumjua kabla ya kumchora Hitler kwenye pikipiki. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani. Vita vya 1914 vilipoanza, mtoto wa miaka kumi aliingia jeshini pamoja na baba yake. Baadaye alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Aliambiwa amechelewa. Akabaki. Alihudumu kwenye mikahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu kwa Wajerumani waliotaka kwenda Afrika, akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Mwishoni mwa Januari 1933 alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Siku chache tu baadaye Hitler akawa kansela.

Husen alikuwa mtu wa kujionyesha, tena mwenye madai. Alidai nishani ya wapiganaji wa vita, akanyimwa, akajinunulia na kuivaa. Kwenye mikutano ya wapenzi wa makoloni alisimama na sare ya askari na bendera mkononi. Alicheza filamu nyingi. Ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimtukuza Carl Peters, yuleyule ambaye Watanganyika walimwita Mkono wa Damu, na Husen alipewa nafasi ya Mwafrika mwaminifu kwa bwana wake. Aliamini, nadhani, kuwa uaminifu ungemlinda. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Mwanahistoria wa Kijerumani Marianne Bechhaus-Gerst ndiye aliyefuatilia maisha yake, na tangu 2007 liko jiwe dogo la shaba lenye jina lake mbele ya nyumba aliyoishi Berlin.

Nimekaa kwa Husen kwa sababu anaondoa umbali. Mwalimu wa Kiswahili, aliyezoea kuwasahihisha wanafunzi matamshi, ndiye aliyefia kambini. Naye hakuwa peke yake kutoka pande zetu. Jean Voste, mzaliwa wa Kongo ya Wabelgiji, alikamatwa mwaka 1942 akishiriki upinzani dhidi ya Wajerumani huko Ubelgiji, akapelekwa Dachau, na alikuwa hai Wamarekani walipoifungua kambi hiyo Aprili 1945. Na Lubumbashi bado imesimama sinagogi ya Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes kufanya biashara Katanga. Julai 1944 ndugu zao waliobaki kisiwani, zaidi ya 1,600, walipakiwa kwenye meli na kisha treni hadi Auschwitz. Wachache mno walirudi. Baba yake Moïse Katumbi, mwanasiasa ambaye vijana wetu wanavaa fulana zenye sura yake, alikuwa Myahudi wa Rhodes.

*

Mwanazi alikuja pia Kongo kwa miguu yake, na alikuja anacheka. Siegfried Müller, aliyezaliwa 1920, alikuwa amepigana katika jeshi la Hitler. Mwaka 1964, waasi walioitwa Wasimba walipoiteka Stanleyville na serikali ya Moïse Tshombe ikaajiri askari wa kukodiwa, Müller aliongoza kikosi kimojawapo, na kifuani pa sare yake ya Kongo alibandika Msalaba wa Chuma aliopewa enzi za Hitler. Mwaka 1965 watengenezaji filamu wawili wa Ujerumani Mashariki, Walter Heynowski na Gerhard Scheumann, walimkalisha mbele ya kamera, wakamjazia kinywaji, wakamwacha aseme. Filamu yao iliitwa Der lachende Mann, yaani mtu anayecheka, kwa sababu ndivyo alivyofanya muda wote: anasimulia vita vya Kongo, anatabasamu, anacheka. Sijui picha nyingine inayoonyesha jambo hili wazi kuliko hiyo. Ukali hauna haja ya uso uliokunjamana.

Bukavu tulipata wa kwetu. Agosti 1967 Mbelgiji Jean Schramme na askari wake wa kukodiwa, pamoja na Wakatanga walioasi, waliuteka mji huu wakaushikilia hadi mwanzoni mwa Novemba, kisha wakavuka Ruzizi kukimbilia Rwanda. Wazee wa Nguba na Muhumba bado wanaelekeza nyumba zilizopigwa. Wengine husimulia wale wazungu kwa namna ya kustaajabia, jinsi walivyokuwa wachache na walivyowachelewesha wanajeshi wengi wa Mobutu. Hapo pia nasikia ule mvuto.

Jirani yetu wa kaskazini-mashariki alikwenda mbele zaidi. Septemba 1972, mwezi mmoja baada ya kuwatangazia Waasia siku 90 za kuondoka Uganda, Idi Amin alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, simu ya maandishi akimsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi milioni 6. Alitaka hata kumjengea sanamu. Ulimwengu ulimchukulia kama kichekesho. Magazeti ya Uingereza yalimwigiza Kiingereza chake, na mwaka 1975 picha ya wazungu wamembeba kwenye kiti mjini Kampala ilifanya watu wengi, Waafrika wengi pia, wacheke kwa kuridhika. Wakati huohuo maiti zilikuwa zikitupwa Nile. Makadirio yanayotajwa sana ya waliouawa katika miaka yake minane hufika 300,000. Aliyekuwa akisema atakayoyafanya alisikilizwa kama mchekeshaji.

Halafu kuna Butare, mji ambao leo unaitwa Huye, nyuma ya msitu wa Nyungwe, si mbali na hapa. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Alison Des Forges wa Human Rights Watch alieleza hati iliyopatikana katika mkoa huo, iliyoandikwa na mtu asiyejitaja ili kuwafundisha wenzake namna ya kueneza propaganda. Mwandishi wake alisema wazi kuwa anachukua mafunzo kwa Lenin na kwa Goebbels, mpiga propaganda wa Hitler. Mojawapo ya mbinu aliyoieleza ni kumsingizia adui yale ambayo wewe mwenyewe umeazimia kumtendea, ili watu wako waue wakiamini wanajitetea. Ujuzi wa Berlin ulikuwa umepita kwenye vitabu vya Kifaransa vya saikolojia ya matangazo ukafika kwenye mlima wa jirani yetu.

Na ulitangazwa kwa vicheko. Redio RTLM, iliyoanza Julai 1993, haikupendwa kwa sababu ya hotuba. Ilipendwa kwa muziki mzuri na watangazaji wacheshi, hasa Kantano Habimana, aliyezungumza kama mtu yuko baa na rafiki zake, huku redio ya serikali ikisoma taarifa kwa sauti kavu. Vijana kwenye vizuizi walikuwa nayo sikioni. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura, na majaji walikumbuka kesi ya Streicher. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wahenga hawakuwa wanatania.

*

Sasa nije mahali pale nilipomtahadharisha yule mama. Tangu nianze kulifuatilia jambo hili, blagi ya Hitler inayoniogopesha hapa Bukavu ni moja. Hutokea watu wakizungumzia Wanyamulenge, au Watutsi kwa jumla, kwenye meza ya baa au kwenye kundi la WhatsApp, baada ya habari mbaya kutoka Minembwe, Uvira au Goma. Mtu anasema: hawa wanahitaji Hitler wao. Wengine wanaweka vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Hakuna anayesimama kwenda kuua mtu. Lakini sentensi imeshapita, na kesho yake itapita kwa wepesi zaidi.

Tulishaisikia katika mdomo wa mkubwa. Agosti 1998, vita vya pili vilipoanza, Abdoulaye Yerodia Ndombasi, mtu wa karibu wa Rais Laurent Kabila, aliwafananisha Watutsi na wadudu na vijidudu vya kuangamizwa. Kinshasa watu walisakwa na kuuawa, wengine kwa kufananishwa pua tu. Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2000, na tarehe 14 Februari 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kuwa hati hiyo ilikiuka kinga yake kama waziri wa mambo ya nje. Yerodia alikuwa mtu msomi, mpenda maneno na mzaha. Na mauaji hayakuishia Kinshasa: usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge waliokimbia vurugu za Kivu ya Kusini, wanawake na watoto kwa wingi, waliuawa kwenye mahema yao huko Gatumba, Burundi.

Najua jibu nitakalopewa, maana nimepewa mara nyingi. Na Kasika? Agosti 1998, walipouawa mwami, padri, masista na wanakijiji kwa mamia? Na Makobola, mwaka mpya wa 1999? Na wanawake wa hospitali ya Panzi ambao Daktari Mukwege amewashona tangu 1999? Hayo yote ni kweli, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliorodhesha matukio 617 ya uhalifu mkubwa nchini mwetu kati ya 1993 na 2003, mengi yakiwa ya majeshi ya Rwanda na washirika wake, na hadi leo karibu hakuna aliyehukumiwa. Hasira ya Bukavu ina sababu zenye majina na makaburi. Sitamwambia mtu aliyezikia ndugu zake Kasika apunguze sauti.

Nitamwambia hivi: aliyeua Kasika ni askari mwenye kamanda na amri. Anaweza kutafutwa, kutajwa, kushtakiwa. Bosco Ntaganda alijulikana kwa jina la Terminator, watu wakalichezea kama jina la filamu, lakini mwaka 2019 alisimama mbele ya majaji wa The Hague kwa jina lake la kuzaliwa na kupewa miaka 30 kwa uhalifu aliotenda Ituri. Blagi ya Hitler inafanya kinyume. Inamwondoa kamanda mwenye jina na kumweka badala yake mwanamke wa Kinyamulenge anayeuza maziwa. Anayedai haki ya Kasika kwa kumtaka Hitler anawafichia wauaji wa Kasika. Hapa sina nafasi ya upole.

Mama wa Kadutu aliniuliza afanye nini. Nilimshauri asiivunje simu wala asimchape mtoto, kwa sababu kilichokatazwa kwa fimbo huwa kitamu zaidi. Akae naye, amwombe amweleze picha moja baada ya nyingine: hii inachekesha nini? Huyu anayechekwa ni nani? Angekuwa hai leo angekaa mtaa gani wa Bukavu? Blagi nyingi hufa zikitakiwa kujieleza. Zile zisizokufa ndizo za kushughulikia. Kisha amsomee habari za Husen wa Dar es Salaam.

Mwalimu mmoja wa historia hapa mjini amekuwa akifanya hivyo darasani. Anaandika ubaoni tarehe mbili, 1904 na 1944, na anasimulia maisha ya Husen bila kutaja Hitler hadi mwisho. Nilikaa nyuma ya darasa siku moja. Alipofika kwenye nishani ya kujinunulia, wanafunzi walicheka, na mwalimu aliwaacha wacheke. Alipofika Sachsenhausen msichana mmoja aliinua mkono kuuliza kama wale waliofundishwa Kiswahili na Husen, wale Wajerumani wa chuo kikuu, walifanya lolote alipokamatwa. Mvulana mmoja akadakia kuwa wangefanya nini, serikali si ilikuwa ya Hitler. Msichana akamgeukia akamwuliza yeye aliandika nini kwenye kundi la darasa juzi, walipomcheka mwenzao kwa ajili ya pua yake. Mvulana alisema ilikuwa blagi. Darasa likagawanyika, wengine wakimtetea, wengine wakimzomea, na mwenye pua iliyochekwa, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, akasema kwa sauti kuwa yeye ana la kusema pia na anataka apewe nafasi. Kengele ilipigwa, hakuna aliyetoka, na mwalimu akampa nafasi.